Kushuhudia Imani ya Kikristo Malindi Bila Kunyamaza na Bila Kugombana: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Tangu nianze kuwaandaa washuhudiaji katika kanisa letu hapa Malindi, nimekuwa nikiletewa habari ileile kwa vinywa tofauti. Ndugu alianza vizuri, akasikilizwa, kisha akapingwa. Na alipopingwa, ama alinyamaza na kutafuta njia ya kuondoka, ama alipandisha sauti hadi wapita njia wakakusanyika kutazama. Wa kwanza hurudi akiwa na aibu, wa pili hurudi akijisifu kwamba alikuwa jasiri, na wote wawili huwa wamefungiwa mlango uleule.

Nimeona kwamba tatizo haliko katika kuijua Biblia. Liko katika dakika tano zinazofuata pingamizi la kwanza. Kwa sababu hiyo mwongozo huu unapita haraka katika mengine na kukaa sana hapo. Umeandikwa kwa ajili ya mtu wa kawaida, yaani fundi cherehani, dereva wa tuktuk, mwalimu wa chekechea, na haumhusu sana mhubiri mwenye jukwaa.

Vinavyohitajika kabla ya kutoka

- Biblia ya Kiswahili iliyochapishwa, ambayo wewe mwenyewe unaisoma. Ukienda upande wa Ganda au Msabaha kwa wazee, chukua na ya Kigiriama. Biblia ya simu haifai hapa, kwa kuwa anayekutazama hajui kama unasoma Maandiko au unajibu ujumbe.
- Mwenzako mmoja. Bwana Yesu aliwatuma wanafunzi wawili wawili (Luka 10:1), na hekima hiyo ingalipo: mmoja husema, mwingine huona hali inavyogeuka.
- Ushuhuda wako ulioandikwa, usiozidi dakika 3.
- Watu wawili waliobaki nyumbani, wanaoomba, na wanaojua mmekwenda mtaa gani na mtarudi saa ngapi.
- Kitambulisho chako, pamoja na uwezo wa kutaja bila kusita jina la kanisa lako, mahali lilipo na anayeliongoza. Sababu yake utaiona katika hatua ya 5.

Usibebe spika, mfuko wa sadaka, wala msaada wa chakula. Kumsaidia mwenye njaa ni wajibu, lakini unga na mwito wa kuamini visiandamane katika ziara moja, kwa maana mtu aliyeamini akiwa ameshika pakiti ya unga ataambiwa maisha yake yote kwamba alinunuliwa.

Hatua ya 1: Pambanua unapingwa na nini

Kuna mtu anayekataa tu, kwa adabu. Kuna mwenye hoja. Kuna mwenye dhihaka, ambaye mara nyingi anawachekesha wenzake wa maskani wala hana haja na jibu. Kuna anayetisha. Na kuna, hasa hapa kwetu, mtu mwenye jeraha.

Madhara mengi hutokea pale hoja inapochukuliwa kuwa kitisho. Mzee anauliza kwa ukali kwa sababu ndivyo asemavyo hata akiuliza bei ya samaki, naye kijana wetu anadhani ametukanwa. Anayekataa, mshukuru na umwache. Mwenye dhihaka, cheka naye kidogo na usimjibu mbele ya hadhira yake. Mtafute akiwa peke yake. Wengine watatu nitawarudia.

Umefaulu hatua hii ukiweza, baada ya mazungumzo, kumwambia mwenzako kwa sentensi moja mlipingwa na upinzani wa aina gani, naye akakubaliana nawe.

Hatua ya 2: Andika ushuhuda wa dakika 3

Mfano uko katika Matendo 26, mbele ya mfalme Agripa. Paulo anaeleza alivyokuwa, alivyokutana na Yesu njiani kwenda Dameski, na alichofanya baadaye. Ni sehemu tatu tu. Mtu huweza kubishana na fundisho lako usiku kucha, lakini ni vigumu abishane na yaliyokupata, kama walivyoona Mafarisayo walipomhoji yule aliyekuwa kipofu katika Yohana 9.

Ondoa lugha ya ndani ya kanisa. Maneno kama "upako", "kufunguliwa" na "kufunikwa kwa damu" yana maana kwetu, lakini jirani asiye Mkristo akiyasikia huona kiza au hushtuka. Sema "nilikuwa mlevi, nikaacha", "nilikuwa na chuki na kaka yangu, nikaenda kumwomba radhi". Wala usiongeze chumvi. Nimewahi kuwasikia watu ambao dhambi zao za zamani huzidi kuwa kubwa kila mwaka, na Malindi ni mji mdogo. Yuko mtu barazani aliyesoma nawe.

Tahadhari: usiitukane dini uliyotoka, wala dini ya wazazi wako. Sema ulichokipata, na uliyoyaacha yataje kwa heshima.

Umefaulu ikiwa saa inathibitisha dakika 3, na shangazi yako asiyesali kanisani akisomewa anasema, "Ndiyo, hayo ni yako kweli."

Hatua ya 3: Chagua mahali na saa

Usisimame karibu na lango la msikiti, usichague Ijumaa adhuhuri, na katika mwezi wa Ramadhani usimkalishe aliyefunga juani kwa ajili ya mazungumzo yako. Usiende katika matanga ya watu kutafuta wasikilizaji. Usimshuhudie mtu aliye kazini ambaye hawezi kuondoka. Mhudumu wa duka anayekusikiliza kwa sababu wewe ni mteja hajakupa ruhusa, amevumilia tu.

Mahali pazuri ni pale ambapo mmeshazoeana: njia mnayoifuata kila siku, ufukweni wavuvi wanaposhona nyavu, baraza ambalo umekaribishwa. Kahawa yako ilipe mwenyewe. Katika Shela ya hapa Malindi, nisichanganye na ile ya Lamu, mtu anayekuja kunywa kahawa siku kumi kabla ya kutaja dini husikilizwa kuliko aliyekuja siku moja na vipeperushi mia.

Hatua ya 4: Jitambulishe na uombe ruhusa

Anza na salamu inayolingana na umri. Kwa mzee ni shikamoo, na umwite ammi, baba au bibi kadiri ya desturi ya nyumba ile. Kisha sema wazi: "Mimi ni Mkristo. Naomba dakika tatu nikueleze ninachoamini. Ukikataa, hatutakosana." Ruhusa hiyo ina kazi mbili: inampa mwenzako uhuru wa kweli wa kukataa, na inakuondolea wewe wasiwasi wa kuvizia nafasi.

Usije kwa kisingizio cha utafiti, mradi wa maji au kliniki. Ujanja huo ukifichuka, na hufichuka, mtaa mzima hukuhesabu mwongo.

Akiruhusu, usilipunguze la msingi ili upendeze. Sema kwamba Yesu alikufa kwa ajili ya dhambi, kwamba alifufuka, na kwamba ndiye Bwana. Wapo ndugu wanaotaka kuishia katika amani na upendo, mambo ambayo kila mtu barazani tayari anakubali, kisha wanaita hiyo busara. Kwa maoni yangu hiyo ni hofu iliyovikwa kanzu. Ujasiri wa hatua hii ni sentensi tatu tu, zinazotamkwa kwa sauti ya kawaida.

Tahadhari: watoto wa watu wasifundishwe bila wazazi wao kujua na kukubali. Hakuna sababu inayohalalisha jambo hilo.

Hatua ya 5: Pingamizi linapokuja

Hapa ndipo tunapoanguka, kwa hiyo soma polepole.

Kwanza, nyamaza kwa pumzi moja. Mwili ukishashtuka, ulimi hukimbia mbele ya akili.

Pili, rudia pingamizi kwa maneno yako mpaka mwenye nalo aseme, "Ndivyo." Kwa mfano: "Ammi, kama nimekuelewa, unasema kwamba kumwita Yesu Mwana wa Mungu ni kumfanya Mungu kama mwanadamu mwenye mke?" Mara nyingi hapo tu ukali hupungua nusu, kwa sababu mtu aliyejiandaa kupigana amekuta anasikilizwa.

Tatu, toa jibu moja na andiko moja, kisha nyamaza tena. Ukimwaga maandiko saba mfululizo, umegeuza mazungumzo kuwa mhadhara.

Nne, usipojua, sema hujui, na utaje siku utakayorudi na jibu. Kisha rudi siku hiyo.

Tano, usiondoke mara tu baada ya kupingwa. Kaa hata dakika kumi zaidi, mkizungumzia mvua au bei ya nazi. Kukaa huko kunamwonyesha mwenzako kwamba hukuja kushinda, na kunaufundisha moyo wako kwamba kupingwa hakuui. Petro aliandika kwamba tuwe tayari kumjibu kila atuulizaye habari za tumaini letu, akaongeza palepale: kwa upole na kwa hofu (1 Petro 3:15). Nusu ya pili ya aya hiyo ndiyo inayosahaulika.

Sasa nitaje mapingamizi tunayokutana nayo zaidi.

*"Mungu hana mwana."* Anza na mnachokubaliana: Wakristo nao wanakataa kabisa kwamba Mungu alioa au alizaa kwa njia ya mwili. Soma Luka 1:35, mahali malaika anapomwambia Mariamu kwamba ni kwa uwezo wa Aliye juu. Hutamaliza swali la Utatu barazani, wala usijaribu. Ukimwacha mwenzako akijua kwamba huamini kile alichodhani unaamini, umefanya kazi kubwa.

*"Biblia imebadilishwa."* Uliza kwa upole ni sehemu gani na lini, kisha sikiliza. Ukweli unaoweza kuutaja ni huu: zipo nakala za Biblia za mkono zilizoandikwa katika karne ya 4, kama ile iitwayo Sinaiticus, na lipo gombo la Isaya lililopatikana Qumran, karibu na Bahari ya Chumvi, mwaka 1947, ambalo lilikuwa na umri wa takriban miaka elfu moja zaidi ya nakala kamili za Kiebrania zilizokuwa zikijulikana kabla yake. Nakala hizo hutofautiana hapa na pale, na usifiche hilo, lakini mtu anaweza kuzilinganisha na Biblia uliyoshika. Usijibu kwa kuishambulia Kurani. Kulitetea shamba lako hakuhitaji kuchoma la jirani.

*"Hiyo ni dini ya wazungu, sisi tuna mila zetu."* Hili husemwa na wazee wa Kigiriama, na lina uchungu wa kweli ndani yake. Katika Matendo 8 Mkushi, yaani Mwafrika wa nchi ya Kushi, anabatizwa njiani kabla Petro hajaingia nyumbani kwa Kornelio Mrumi, na ufalme wa Aksum, uliokuwa katika nchi za Ethiopia na Eritrea za leo, ulipokea Ukristo katika karne ya 4. Lakini hoja ya historia peke yake haitoshi. Mzee anataka kujua kama ukiingia bomani mwake utawaheshimu wafu wake.

Kwa hiyo tahadhari hii ni nzito kuliko zote: usiguse kigango. Vigango ni nguzo za mti zilizochongwa kwa ukumbusho wa wazee wa chama cha Gohu, na vingi vimeibwa na kuuzwa ng'ambo, hata vikaonekana katika majumba ya makumbusho ya Marekani. Mkristo anayeking'oa kigango kwa jina la kupiga vita sanamu huonekana, na kwa haki, kuwa sawa na mwizi huyo. Wala usiingie katika misitu ya kaya, yaani misitu mitakatifu ya Wamijikenda, kufanya maombi ya kuvunja ngome. Kule Efeso, ghasia ilipozuka, karani wa mji aliwatetea wenzake Paulo kwa kusema kwamba hawakuiba vitu vya mahekalu wala kumtukana mungu wa kike wa Waefeso (Matendo 19:37). Paulo alikuwa amehubiri waziwazi mjini humo kwa zaidi ya miaka miwili, na hata hivyo mtu wa serikali asiye Mkristo aliweza kusema maneno hayo kwa dhamiri safi. Jiulize kama chifu wa mtaa wako angeweza kuyasema juu yako.

*"Nyinyi ndio wale wa Shakahola?"* Huyu ndiye mwenye jeraha. Tangu Aprili 2023, msitu wa Shakahola, ulio katika kaunti yetu hii ya Kilifi, umefukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu waliofundishwa kufunga hadi kufa ili wamwone Yesu, wakiwamo watoto wengi. Anayekuuliza hivyo huenda amepoteza binamu. Usianze na "sisi si kama wale". Usilitetee neno "mchungaji". Nyamaza, sema pole, na umwache aseme.

Akikuuliza tena, mjibu kwa mambo yanayoweza kukaguliwa: kanisa letu liko mahali fulani, linaongozwa na fulani, milango iko wazi, watoto wetu wanasoma na wanatibiwa hospitalini, na tunafundisha kwamba anayemkataza mgonjwa dawa anatenda dhambi. Mwalike aje na ndugu zake, akae karibu na mlango. Katika ziara hiyo usitaje kufunga wala siku za mwisho. Mimi mwenyewe niliwahi kulisahau hilo, nikataja kurudi kwa Bwana mbele ya mama mmoja aliyekuwa ameinama akimenya muhogo. Hakusema neno, aliinuka tu, akaingia ndani na kufunga mlango. Ilinichukua miezi kadhaa kukaribishwa tena pale.

Umefaulu hatua hii ikiwa pingamizi limesemwa hadi mwisho, umelijibu au umekiri hujui, na mmeagana kwa salamu ileile mliyoanza nayo.

Hatua ya 6: Ikiwa ni mkutano wa hadhara

Nitasema machache. Peleka barua kituo cha polisi si chini ya siku 3 wala zaidi ya siku 14 kabla ya mkutano, muda ambao sheria huweka kwa mikutano ya hadhara, hata kama mtu atakuambia kwamba ibada haihitaji barua. Nakala iliyogongwa muhuri ni ngao yako. Pata idhini ya mwenye uwanja kwa maandishi, na kibali cha kipaza sauti, kwa kuwa kanuni za kelele za mwaka 2009 zinawahusu hata waimbao zaburi. Adhana ikisikika, zima spika hadi imalizike.

Tahadhari: epuka mihadhara ya kushindanisha dini. Huvuta umati, lakini sijapata kuona ikimleta mtu aketi na kuuliza. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 138, inalihesabu kuwa kosa tamko lililokusudiwa kuumiza hisia za kidini za mtu mwingine, na ulimi uliopashwa moto na vigelegele hufika hapo upesi.

Hatua ya 7: Upinzani unapokuwa kitisho

Mtu akisema atakudhuru, mazungumzo yamekwisha. Usijibu, usiulize kwa nini, usitoe simu kurekodi mbele yake. Ondokeni pamoja kwa njia yenye watu. Aliyewaagiza wanafunzi wasiogope ndiye aliyewaambia pia wakifukuzwa katika mji mmoja wakimbilie mwingine (Mathayo 10:23), kwa hiyo kuondoka si kukana imani.

Mkifika, andikeni palepale: saa, mahali, maneno yaliyotamkwa, walioshuhudia. Mjulishe mzee wa mtaa na chifu, na kama kitisho ni cha kweli, ripoti polisi na uchukue namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo. Ibara ya 32 ya Katiba ya Kenya inampa kila mtu uhuru wa kuidhihirisha dini yake, peke yake au pamoja na wengine, faraghani au hadharani, kwa ibada na kwa mafundisho. Ibara hiyohiyo inakataza mtu kunyimwa kazi au huduma kwa sababu ya imani, na inamlinda pia jirani yako anayekataa kukusikiliza. Paulo alipofungwa kamba ili apigwe mijeledi, aliutaja uraia wake wa Kirumi (Matendo 22:25). Kudai haki hakupunguzi imani.

Tahadhari: usiwakusanye vijana wa kanisa kwenda "kuzungumza" na aliyekutisha, na usisambaze picha yake katika makundi ya simu. Mara nyingi aliyepaza sauti jioni ana wazee wake ambao wangemrudi asubuhi, lau wangefikiwa kwa utulivu.

Umefaulu ikiwa hakuna aliyeumizwa, taarifa imeandikwa, na mtaa ule unaweza kuuingia tena baada ya muda.

Hatua ya 8: Baada ya mazungumzo

Mtu akiamini, hatari kubwa huhamia kwake. Wewe utarudi nyumbani; yeye yuko nyumbani tayari. Usimpige picha, usitangaze jina lake madhabahuni, usimharakishe kubatizwa ili taarifa ya mwaka ipendeze. Imani ya mtu imo miongoni mwa taarifa nyeti katika Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, na hata isingekuwamo, daftari lenye majina lililosahauliwa katika matatu ya Watamu laweza kumgharimu mtu makao yake. Kwa hiyo andika tarehe na mambo ya kuombea, usiandike majina.

Usimwambie awaache wazazi wake. Mfundishe kuwaheshimu kuliko zamani, achote maji, alipe ada ya mdogo wake, na awaeleze mwenyewe siku atakayokuwa tayari. Mtafutie familia moja ya Kikristo atakayokuwa akila kwao, maana anayekosa meza ya kwao huwa mpweke hasa jioni na siku za sikukuu.

Asiyeamini naye usimtupe. Mrudie ndani ya siku saba bila Biblia mkononi, kwa jambo la kawaida kabisa. Yuko ammi mmoja wa Shela aliyenipinga kwa ukali mara ya kwanza tulipozungumza. Nimeendelea kununua mahamri kwa binti yake na kukaa barazani naye mwaka wa tatu sasa. Hajaamini, na hulisema hilo waziwazi. Lakini mwezi uliopita, tukiwa tumeshamaliza kahawa, ndiye aliyeanza: "Ehe, lile la kufufuka, hebu lisome tena."